Siku Kumi za Mbwa wa Mpangaji

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia ua. Nimechota ndoo mbili, ya tatu mgongo umekataa. Chai kavu. Mbwa wa Maganga nimempa ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, nikamsogezea sufuria kwa fimbo kama kawaida. Mimi nina udhu wangu, yeye ana ulimi wake.

Maganga ni mpangaji wangu wa chumba cha uani. Kaondoka Ijumaa na begi moja. Kasema, "Shikamoo Bibi, narudi Jumapili, niangalizie mbwa." Jumapili imepita. Mlango una kufuli.

Mbwa anaitwa Shauriyao. Maganga alimpa jina hilo ili majirani walisikie kila anapomwita. Hapa Ng'ambo mtu akigombana na watu hanunui kanga ya mafumbo tu, anafuga na mbwa. Mama Zuhura wa nyumba ya pili mpaka leo anaamini ni yeye anayesemwa.

Amefungwa kwenye nguzo ya choo. Kamba fupi. Kivuli kiko hatua tatu mbele yake na hakifikii.

Jumanne, 5 Agosti

Hajarudi. Vumbi tupu leo. Nimemwongezea mbwa maji. Kayamaliza kabla sijageuka.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimemkaribia. Miaka miwili yuko uani kwangu, sijawahi kumkaribia hivi. Kuna harufu. Nilidhani ni choo.

Si choo. Ni shingo yake. Maganga alimvisha waya alipokuwa mtoto wa kubebwa kiganjani. Mbwa kakua, waya haukukua. Umeingia ndani ya nyama. Juu manyoya yamefunika, ndiyo maana hatukuona. Au hatukutazama. Mimi sikutazama. Nilikuwa nasema si mbwa wangu, napita na beseni langu la nguo.

Nina hasira na Maganga. Nina hasira zaidi na mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kwa Saidi fundi baiskeli pale kona, nikamwomba koleo la kukatia waya. Akauliza la nini. Nikamwambia. Akanipa koleo, yeye mwenyewe hakuja. "Bibi Kalunde, mimi mbwa simgusi, hata akiwa maiti." Haya.

Nimefanya peke yangu. Nikamwekea vipande vya maini mbele, ale huku natafuta mwisho wa waya kwa kidole. Alinguruma mara moja. Nikamwambia, nguruma tu, hata mimi nilinguruma nilipomzaa mwanangu Tatu. Waya ukakatika. Kuuchomoa ndiko kulikotoa jasho. Ulitoka na kipande cha ngozi. Hakuniuma.

Kidonda nimekiosha kwa maji ya chumvi, nikapaka asali ya Usinge, ile nyeusi niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya kifua changu. Akanilamba kiwiko. Basi nikaosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Maji yote ya siku yakaishia kwenye kiwiko.

Sikujuta.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempigia Maganga. Mara tatu hapokei. Ya nne kapokea, nyuma yake kelele za magari. Yuko Mpanda. Kapata kazi. Harudi. Chumba nikipangishe. Kodi alishalipa yote, kwa hilo simlaumu.

"Na mbwa?"

"Aa, Bibi, mfungulie tu, ajitafutie."

Ajitafutie! Kama mtu wa miaka thelathini mwenye cherehani. Mbwa aliyefungwa nguzoni tangu utoto, anajua kutafuta wapi?

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Akakata.

Kisha nikampigia Tatu huko Mwanza. Sikuwa na shida, nilitaka tu kumsimulia. Kasema, "Mama, nakupigia baadaye, niko kazini." Ndiyo, yuko kazini. Nimekula wali peke yangu. Mwingine nimempa mbwa.

Jumapili, 10 Agosti

Kamba nimeiondoa tangu Ijumaa, lakini mbwa haendi popote. Anazunguka nguzo ya choo, duara lilelile, miguu imelichimba mpaka limekuwa kama njia. Akifika mwisho wa kamba isiyokuwepo anasimama. Nimesimama kivulini nikamwita. Shauriyao, njoo. Ananitazama. Hatua tatu tu. Nimeita mpaka koo limekauka.

Mama Zuhura kachungulia juu ya uzio. "Bibi, unamwita nani hivyo? Maana shauri langu mimi nalijua mwenyewe."

Nikamwambia alale na shauri lake, mimi namwita mbwa.

"Utu uzima huu unalea mbwa? Malaika hawaingii kwenye nyumba yenye mbwa."

Nikamjibu, malaika hawaingii, wanangu hawaingii, wajukuu hawaingii. Sasa nani aingie?

Kichwa chake kikashuka nyuma ya uzio. Mimi mwenyewe nilishtuka. Sikujua kwamba neno hilo lilikuwa limekaa mdomoni.

Maalim nilishamuuliza zamani, kuhusu paka. Kasema kumnywesha kiumbe mwenye kiu ni thawabu. Kiumbe ni kiumbe. Ndani hataingia, ataishi uani, lakini hatalala na kiu.

Jumatatu, 11 Agosti

Kavuka! Saa nne asubuhi. Kasimama pale mwisho wa duara, kanusa, akatia mguu mmoja, akaurudisha. Halafu akaja kivulini akajitupa kama gunia. Nimepiga kigelegele peke yangu.

Ana viroboto balaa. Kupe masikioni wamevimba kama mbaazi. Hilo naliweza. Nimeloweka dawa ya mama.

Jumanne, 12 Agosti

Mkono unauma. Naandika polepole.

Sisi kwetu Goweko tulikuwa watu wa tumbaku. Kuku wakiingiwa na utitiri, mama alikuwa analoweka majani ya tumbaku, asubuhi anawaosha. Wadudu wanakufa papo hapo. Shule sikuingia hata kuchungulia, herufi hizi nilifundishwa na marehemu mume wangu kwa mkaa ukutani, lakini mambo ya mama yangu nayajua yote. Nina furushi la majani, ndugu hunitumia kwa ajili ya ugoro. Nikatumia nusu ya furushi. Maji yakawa meusi kama chai iliyosahaulika motoni. Asubuhi nikamwosha mbwa, mgongo, tumbo, masikio, shingo. Alitulia. Nikawa naimba.

Kabla ya adhuhuri akaanza kudondosha mate. Kamba za mate, mpaka chini. Akatapika. Miguu ya nyuma ikalegea, akawa anatembea kama mlevi wa pombe ya asali. Mwili wote unatetemeka. Nikataka kumnyanyua nimlaze kivulini, akaniuma. Kiganjani, chini ya kidole gumba. Hakuwa na hasira. Macho yalikuwa hayanioni.

Mama Zuhura alikuwa anaanika. Aliona yote.

"Kichaa! Mbwa wa Bibi kapata kichaa! Kamuuma! Jamani, kamuuma!"

Mtaa ukajaa. Marungu, mawe, mchi wa kinu. Nimemvuta mbwa kwa gunia mpaka bafu la uani, nikafunga mlango, nikaweka kigoda, nikakaa mbele yake. Damu inadondoka kwenye kanga.

Kapela mjumbe akaja mbele. Mtu wa maneno makubwa, lakini si mbaya. "Bibi Kalunde, toka hapo. Huyo mbwa ni wa nani?"

Nikasema, mimi ndiye ninayemlisha.

"Sikuulizi nani anamlisha."

Nikamwambia, basi huna swali lingine la maana. Mwenye kutaka kuingia humu apite juu yangu, na ajue nina miaka sabini na kitu, mifupa itamchoma.

Wakacheka wawili watatu. Kapela kaamua: leo mbwa afungiwe, kesho aje daktari wa mifugo wa kata. Asipokuja, wanavunja mlango.

Nimeosha mkono mara saba, moja kwa udongo.

Naogopa. Sijui naogopa nini zaidi.

Jumatano, 13 Agosti

Daktari kaja. Ni binti mnene, Daktari Nyanzala, amevaa gambuti jua kali hivi. Kanisalimia shikamoo kabla ya kuuliza chochote. Nikampenda hapo hapo.

Kachungulia kwa dirisha la bafu muda mrefu. Kauliza mbwa alichanjwa lini. Hajawahi. Watu wote wakaguna. Kawageukia, kasema: nyie wa kwenu wamechanjwa? Kila nyumba hapa ina mbwa au paka, na hakuna aliyetoa kadi.

Kisha kaeleza. Mbwa aliyeuma anafungiwa siku kumi, analishwa, ananyweshwa, anatazamwa. Kama alikuwa na kichaa wakati anauma, hizo siku kumi hazimaliziki, atakufa. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa nacho. "Mkimpiga rungu leo hamjatibu kitu. Na Bibi ameshaumwa." Siku ya kumi ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Halafu kaniuliza, mbele ya watu wote. "Bibi, kala nini juzi na jana? Kuna dawa yoyote umempaka?"

Hapo hapo nikajua. Kama mtu kanimwagia maji ya baridi.

Nikasema, hapana. Hakuna.

Kwa nini nimesema hapana? Kwa sababu Mama Zuhura alikuwa amesimama pale amekunja mikono. Kwa sababu siku nne nzima nilikuwa namsema Maganga kwa kila mtu, mkatili, hana utu. Basi tu. Aibu.

Kanisisitiza niende hospitali leo leo. Nimekwenda Kitete kwa bodaboda. Wamenichoma. Muuguzi kauliza, huu udongo kwenye kidonda umetoka wapi? Nikamweleza mambo ya mara saba. Kasema, "Bibi yangu, dini ni haki, ila udongo ni wa vyombo. Kidonda ni sabuni na maji yanayotiririka, robo saa." Kaniosha mwenyewe, polepole, kama naoshwa na mwanangu. Nilitaka asimalize.

"Umekuja na nani, Bibi?"

Na mkono wangu, nikamjibu. Akacheka. Mimi pia.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikula asubuhi. Mbwa kalala ubavu. Bado anatetemeka. Na anajilamba. Nikamwona kwa tundu la mlango, kalala hawezi kusimama, lakini ulimi unafanya kazi, analamba mgongo, analamba paja. Anailamba tumbaku yangu. Uongo wangu uko kwenye manyoya yake na anaumeza.

Nikajifunga kanga nikaenda bombani. Asubuhi wote wako pale, ndoo kwenye foleni, Kapela naye anagawa zamu. Nikasema kwa sauti: jana nilidanganya. Nilimwosha mbwa kwa tumbaku. Mimi ndiye niliyemfanya hivi. Mpigieni daktari.

Mama Zuhura, yeye na mdomo wake: "Mayo! Bibi kataka kumvuta mbwa kama sigara!" Kicheko mpaka ndoo zikaanguka. Mwingine kasema bora angempa kiberiti. Nilisimama wakacheka mpaka wakaisha. Kilikuwa halali yao.

Kapela kampigia. Daktari kaja na glavu ndefu na sabuni ya unga. Kamfunga mdomo kwa kipande cha kanga yangu, kamwosha mara tatu, maji meusi yakatoka, mara ya nne yakatoka meupe. Hakunigombeza mpaka alipomaliza. Ndipo akasema, "Bibi, tumbaku ni sumu. Ngozi inainywa. Kidonda kinainywa zaidi. Halafu mbwa hujilamba. Kuku wa mama yako hawakuwa wanajilamba." Nikasema ni kweli. "Ungeniambia jana, angekuwa amesimama leo."

Hiyo nimeipokea. Sina pa kuiweka, nimeipokea tu.

Watu hawajaamini lakini. Wanasema nimetunga ili kumwokoa. Kapela kasema tumbaku ama kichaa, siku kumi ni siku kumi.

Ijumaa, 15 Agosti

Kasimama! Miguu inacheza, lakini kasimama. Kanywa maji. Nilimwekea kwa ufa wa chini ya mlango. Sindano ya pili Kitete. Yule muuguzi hakuwepo.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku ya tano. Watoto wa mtaa wamekatazwa kupita mlangoni kwangu. Binti wa maandazi kaweka sahani juu ya uzio, akakimbia. Bombani wamenipa nafasi pana, kila mtu kavuta ndoo yake. Wanasubiri niogope maji. Wamesikia kwamba mwenye kichaa huogopa maji.

Nikakinga kikombe, nikanywa chote mbele yao, nikakinga cha pili nikakinywa. Nikasema, bado. Nikianza kuyaogopa nitawaita.

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nimezeeka na watu hawa, nimewazalisha nusu yao.

Mchana nimekaa karibu na mlango wa bafu nikichambua mchele. Yeye ndani, mimi nje. Naongea. Nimemsimulia habari za mume wangu, alivyopaka rangi mabehewa ya treni mpaka jasho lake likawa la rangi. Wa ndani anapumua. Naona masikio yanasogea kwenye mwanga wa ufa.

Jumapili, 17 Agosti

Hajala.

Jumatatu, 18 Agosti

Hajala tena. Kajikunja kwenye kona ya giza. Nikimwita hageuki. Daktari alisema kichaa hupenda giza. Nimekumbuka hilo.

Kwa hiyo huenda ni kweli. Huenda tumbaku ilikuja juu ya kichaa. Huenda Mama Zuhura aliona sawa na mimi ndiye mwenye kiburi. Nimeutazama mkono wangu. Nimeutazama sana.

Nimempigia Tatu. Sikumweleza kuumwa, nimeuliza tu watoto hawajambo. Hawajambo. Alikuwa na haraka. Nikasema haya, mwanangu, nenda.

Nimefunga mlango wa mbele nikalia kidogo. Kisha nikapika uji.

Jumanne, 19 Agosti

Kala! Sahani nzima, na uji juu. Kwa nini hakula siku mbili, sijui. Daktari kaja, kamtazama, naye hajui. "Huenda joto, huenda huzuni." Nimemuuliza, mbwa anaweza kuhuzunika? Kasema anaweza, na akifungwa peke yake anaweza sana.

Nilimfunga nguzoni miaka miwili. Maganga alimfunga, mimi nikamwacha. Ni kitu kimoja.

Sindano ya tatu leo.

Jumatano, 20 Agosti

Siku ya tisa. Joto. Kapela alipita, akasimama mbali. "Yu hai?" Yu hai. "Na wewe?" Nami vilevile. Akasema sawa, akaenda. Ndiyo mazungumzo pekee ya leo.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilihesabu vibaya jana. Leo ndiyo siku ya tisa, maana daktari hahesabu siku ya kuumwa, anaanzia kesho yake. Karibu nifungue mlango. Nimejipiga kofi la paja.

Yu hai.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku ya kumi. Yu hai, anakula, anapiga mkia kwenye karai la bafu kama ngoma.

Daktari kafungua mlango mwenyewe. Mtaa mzima nje ya uzio, marungu hakuna, simu mikononi. Mbwa katoka, jua likampiga, kapiga chafya. Basi. Hayo ndiyo yaliyotokea. Watu kumi na tano wamengoja siku kumi kuona mbwa anapiga chafya.

Kachanjwa. Kidonda cha shingo kimefunga, kimeacha mstari mweupe ambao manyoya hayataota. Daktari kaniambia mengi na nimeyashika: chanjo kila mwaka, maji wakati wote, kivuli, asifungwe kutwa, akifungwa kamba iwe ndefu na mkanda mpana unaopitisha vidole viwili chini yake. Akiumwa, muulize anayejua, sio mama yako wa Goweko. Hilo la mwisho kalisema taratibu akicheka.

Hakuna aliyeniomba radhi. Lakini Mama Zuhura kamshika daktari mkono pembeni, akamuuliza paka naye huchanjwa? Nikajifanya sisikii.

Jumapili, 24 Agosti

Maganga kaja.

Bila simu, bila hodi. Saidi fundi ndiye aliyempa habari kwamba mbwa ni mzima na kachanjwa. Huko Mpanda wezi wamezidi, anataka mlinzi. Shikamoo Bibi, marahaba, nimemfuata mbwa wangu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Kwa hili sikujiandaa: mbwa alimwona akalia. Si kubweka. Kulia, kama mtu. Akajirusha, akajiviringisha, akakojoa kwa furaha, akamlamba viatu. Mtu aliyemvisha waya! Kwangu hajawahi kufanya hivyo hata siku moja. Kwangu hupiga mkia, basi.

Nilimkasirikia mbwa. Naandika kweli. Nilitamani asingekuwa amekula maini yangu.

Nikamuuliza Maganga: huko Mpanda atalala wapi? Kasema atamfunga getini. Kwa kamba gani? Akatoa mfukoni. Waya. Mpya, unang'aa, umekunjwa vizuri.

Nikamwonyesha shingo. Nikamshika kidole chake nikakipitisha juu ya ule mstari. Akatazama. Kwa muda mfupi nilidhani kaona.

"Bibi, ni mbwa tu."

Nikamwambia hampati. Kasema ni wake, alimnunua. Nikasema muite Kapela, waite polisi, muite na mama yako, mbwa huyu na waya huo hawatatoka pamoja kwenye mlango huu. Alinipima kwa macho. Nadhani aliona hakuna haja ya kutoa jasho. Akacheka, akasema, "Haya Bibi, baki naye. Mbwa wapo wengi." Akaenda zake.

Na mbwa akamfuata.

Lango lilikuwa wazi. Kamba sina, nilishasema sitamfunga. Niliweza kulirudisha lango kwa mguu. Nilikuwa karibu. Sikulirudisha. Nikaita mara moja tu. Hakugeuka. Nikaona mgongo wake, ule niliouosha kwa sumu, unakata kona kwa Saidi.

Magharibi imeingia. Lango nimeliacha.

Jumatatu, 25 Agosti

Bakuli halijaguswa. Nimebadilisha maji, yaliingia vumbi.

Mama Zuhura kaleta mihogo ya nazi, kaiweka, hakusema la malaika wala la mbwa. Alikaa kidogo. Kasema Saidi kamwona stendi asubuhi, kalala pale basi la Mpanda linapoondokea. Basi liliondoka jana jioni. Maganga alipanda, mbwa alifukuzwa mlangoni kwa teke.

Nikachukua fimbo nikaenda. Stendi nzima nimeizunguka. Mpiga debe mmoja kasema, "Bibi unamtafuta mzee wako?" Hayupo. Wamemrushia mawe, kakimbilia upande wa reli.

Nimerudi kwa miguu.

Jumatano, 27 Agosti

Kaja leo asubuhi, nikiwa nafagia. Kapita lango kama mgeni, kichwa chini. Hakunijia. Kanywa maji, kapumzika, kanywa tena. Kalala kivulini, uso kaelekeza barabarani.

Sikumgombeza. Sikumkumbatia pia. Nyayo zimechanika, kokoto za reli zimeingia. Nimechemsha maji, nikaweka chumvi kidogo, nikapoza mpaka kiwiko kikakubali. Nikakaa chini kwenye mkeka.

Nimeosha mguu wa kwanza. Nimetoa kokoto tatu. Nimeosha wa pili na wa tatu. Alikuwa hanitazami, anatazama lango. Wa nne akauvuta.

Nikamwachia.